142,857: kila kitu kiko kwenye baki

Gawa shilingi milioni moja kwa watu saba. Kila mmoja anapata 142,857, na shilingi moja inabaki haina mwenyewe. Zikiwa milioni mbili, kila mmoja anapata 285,714 na zinabaki shilingi mbili. Zikiwa milioni tatu, fungu ni 428,571 na zinabaki tatu. Mwenye mazoea ya kuangalia tarakimu atakuwa ameshashtuka: mafungu hayo matatu yameandikwa kwa tarakimu zilezile sita, tena kwa mfuatano uleule, ila kila fungu linaanzia mahali pake.

Tumalizie hadi sita:

142,857 × 1 = 142,857
142,857 × 2 = 285,714
142,857 × 3 = 428,571
142,857 × 4 = 571,428
142,857 × 5 = 714,285
142,857 × 6 = 857,142

Zipange tarakimu hizo kwa duara, kama zilivyo namba za saa ya ukutani: 1, 4, 2, 8, 5, 7, kisha 1 tena. Kila jibu hapo juu ni duara hilohilo likisomwa kuanzia sehemu nyingine. Hakuna tarakimu iliyopotea wala iliyoingia, na 4 haijawahi kutoka nyuma ya 1. Ukifika kuzidisha kwa 7, duara linavunjika ghafla na unapata 999,999.

Wengi wanaoieleza namba hii huishia hapo, msomaji akashangaa na kuondoka. Kwangu hapo ndipo pa kuanzia. Kila kioja cha 142,857 kina sababu inayoweza kufuatwa kwa kalamu na karatasi, na ukizifuata sababu hizo zote unajikuta umefika palepale: kwenye ile shilingi iliyobaki.

Wengi wetu tumekaa na namba hii tangu shule ya msingi bila kuijua. Swali la eneo la duara huja na maelekezo yake: tumia π = 22/7. Gawa 22 kwa 7 utapata 3.142857142857..., haina mwisho. Pai yenyewe ni 3.14159..., kwa hiyo 22/7 imezidi kwa kiasi cha 0.00126 hivi. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Archimedes alithibitisha kwamba pai ni ndogo kuliko 3 na 1/7, na ni kubwa kuliko 3 na 10/71. Ile 1/7 ndiyo iliyotuletea 142857 darasani. Mwanafunzi lakini haioni, kwa sababu watunga mitihani hupenda nusu kipenyo cha sentimita 7, 14 au 21. Saba inakatana na saba, na desimali inafutika kabla haijatokea. Naelewa kwa nini wanafanya hivyo, mtoto apate jibu lisilo na mkia. Hata hivyo naona ni hasara, maana kilichokatwa pale kina utamu kuliko eneo lenyewe.

Kushusha sifuri

Weka kikokotoo pembeni, tugawanye 1 kwa 7 kwa njia ndefu, ile ya kushusha sifuri. Kikokotoo kitakupa jibu tu, na sisi tunachokitaka ni kile kinachotupwa njiani.

Saba haiingii katika 1, basi tunaandika 0 na nukta, tunaipa 1 sifuri, inakuwa 10. Saba inaingia katika 10 mara 1, baki 3. Ile 3 inapewa sifuri, inakuwa 30. Saba inaingia mara 4, yaani 28, baki 2. Inakuwa 20, inaingia mara 2, baki 6. Inakuwa 60, mara 8, baki 4. Inakuwa 40, mara 5, baki 5. Inakuwa 50, mara 7, yaani 49, baki 1.

Simama hapo. Tulianza na 1, na sasa mkononi tuna 1. Kinachofuata ni 10 kwa 7, hesabu ambayo tumeshaifanya, na itazaa 1 baki 3 kama mwanzo. Hakuna kipya kitakachotokea tena hata ukigawanya mwaka mzima. Ndiyo maana 1/7 ni 0.142857142857... bila kukoma.

Macho ya watu huenda kwenye jibu. Yapeleke kwenye mabaki, kwa mpangilio tuliyoyapata: 1, 3, 2, 6, 4, 5. Mabaki yote yanayowezekana yamepita, kila moja mara moja. Hapa ndipo fundo la mzunguko linafunguka. Mtu akikuambia ugawanye 3 kwa 7, utaipa 3 sifuri, itakuwa 30, na 30 tumeshaikuta katikati ya hesabu yetu. Kuanzia hapo hatua ni zilezile: 4, 2, 8, 5, 7, 1. Kwa hiyo 3/7 ni 0.428571..., na kwa kuwa 3/7 ni mara tatu ya 1/7, basi 142,857 mara 3 haina budi kuwa 428,571. Vivyo hivyo 2/7 inaingia kwenye njia pale penye baki 2, na 6/7 pale penye baki 6. Tarakimu haziruki wala hazipangwi upya. Sehemu zote sita zinatembea njia moja, tofauti yao ni kituo cha kupandia.

Kwa nini lazima njia irudi? Ukigawanya kwa 7, baki ni kati ya 0 na 6. Sifuri haiwezi kutokea, kwa sababu ingekuwa na maana kwamba 7 inaingia kamili katika 10, 100, 1,000 au ndugu zao wengine, na ndugu hao wote wamejengwa kwa 2 na 5 peke yake. Yanasalia mabaki sita, kwa hiyo kufikia hatua ya saba lazima mojawapo lijirudie. Na linalojirudia kwanza ni lile la kuanzia, si la katikati, kwa kuwa mabaki mawili tofauti hayawezi kuzaa baki moja linalofuata.

Lazima irudi, sawa. Kupita kwenye mabaki yote kabla ya kurudi si lazima, na hapo ndipo 7 inapozishinda jirani zake. Jaribu 13. Sehemu 1/13 ni 0.076923076923..., na mabaki yake ni 1, 10, 9, 12, 3, 4. Hayo ni sita kati ya kumi na mawili. Mengine sita, yaani 2, 7, 5, 11, 6, 8, yana njia yao wenyewe inayotoa 153846. Ndiyo maana 76,923 ukiizidisha kwa 3 unapata 230,769, ambayo ni duara lilelile, lakini ukiizidisha kwa 2 unapata 153,846, tarakimu za watu wengine kabisa. Kwa 11 njia ni fupi zaidi: 0.0909..., tarakimu mbili tu. Kwa 3 ni tarakimu moja. Saba ina duara moja linalokusanya wote.

Majuma 52 na siku moja

Jedwali letu liliishia kwenye 7. Tuvuke. Ukizidisha 142,857 kwa 8 unapata 1,142,856, na mtu anaweza kudhani duara limeshakufa. Kata tarakimu sita za kulia, 142,856, kisha rudishia ile 1 iliyobaki kushoto: 142,857. Zidisha kwa 10: 1,428,570. Kata, jumlisha, 428,570 na 1: 428,571. Duara lipo.

Sasa chukua idadi ya siku za mwaka. 142,857 × 365 = 52,142,805. Kushoto pana 52, kulia 142,805, jumla yake 142,857. Ile 52 ni idadi ya majuma ndani ya mwaka. Na kwamba tumerudi kwenye 142,857 yenyewe, ile ya kuzidisha kwa 1, ni taarifa kwamba baada ya majuma hayo inabaki siku moja.

Jinsi inavyokuwa ni hivi. Kila 7 iliyomo ndani ya kizidisho inazaa 999,999, yaani milioni moja kasoro moja. Siku 365 zina saba 52 na 1 ya ziada, kwa hiyo jibu ni milioni 52 kasoro 52, ukiongeza 142,857 ya ile siku moja. Zile milioni 52 zinakaa kushoto. Kulia inakaa 142,857 ikiwa imepungukiwa 52. Unapokata na kujumlisha, unairudishia kulia 52 yake, na kinachotokeza ni kazi ya baki peke yake. Zidisha kwa namba yoyote nzima isiyogawanyika kwa 7 na mambo ni hayohayo: saba zote zinajifuta, baki linasema tarakimu ianzie wapi kwenye duara. Kizidisho kikiwa kikubwa sana utakata na kujumlisha zaidi ya mara moja. Kikiwa kinagawanyika kwa 7, unaishia kwenye 999,999.

Kalenda inakubali. Sikukuu ya Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba, mwaka 2024 iliangukia Jumatatu, na mwaka 2025 ikaangukia Jumanne: siku 365, hatua moja mbele. Lakini mwaka 2023 ilikuwa Jumamosi, na kutoka Jumamosi hadi Jumatatu ni hatua mbili, kwa sababu katikati ilipita 29 Februari na siku zikawa 366. Muulize 142,857: ukizidisha kwa 366 unapata 52,285,662, na 52 ukijumlisha na 285,662 unapata 285,714. Hiyo ni ile ya kuzidisha kwa 2. Simshauri mtu ahesabu siku za juma kwa njia hii, kuna njia fupi. Ninachotaka kionekane ni kwamba namba hii ni kipimo cha baki la saba. Popote saba ilipo, juma likiwemo, inaweza kusema neno.

Hoja hiyohiyo inamaliza kioja kingine ambacho kwa kawaida huelezwa peke yake. Zidisha 142,857 kwa yenyewe: 20,408,122,449. Kata tarakimu sita za kulia, jumlisha na zilizobaki: 20,408 na 122,449 ni 142,857. Mraba wake ukikatwa na kujumlishwa unairudisha namba yenyewe. Namba za tabia hii zinaitwa namba za Kaprekar, kwa jina la D. R. Kaprekar (1905–1986), mwalimu wa shule katika mji wa Devlali, India, aliyetumia maisha yake kuzichunguza tarakimu nje ya vyuo vikuu vyote. Ndogo zake unaweza kuzijaribu kichwani: 9 (81, na 8 + 1 ni 9), au 45 (2,025, na 20 + 25 ni 45). Na kwa nini 142,857 imo? Igawanye kwa 7: ni 20,408, baki 1. Basi kuizidisha kwa yenyewe ni sawa na kuizidisha kwa namba yoyote nyingine yenye baki 1, kama 8 au 365. Zile saba 20,408 zinajifuta, inabaki 142,857 mara 1. Hata ile 20,408 tuliyoikata kushoto ni idadi ya saba, kama 52 ilivyokuwa idadi ya majuma.

Tisa zinatoka wapi

Kata namba katikati: 142 na 857. Jumla ni 999. Ikate mara tatu: 14, 28 na 57. Jumla ni 99. Rudi kwenye orodha ya mabaki, 1, 3, 2, 6, 4, 5. Baada ya hatua tatu tulikuwa na baki 6, kwa hiyo tarakimu tatu za nusu ya pili ni mwanzo wa 6/7. Sasa 1/7 na 6/7 zinafanya kitu kizima, na kitu kizima kikiandikwa kwa desimali isiyokoma ni 0.999999... Kila tarakimu ya 1/7 inakutana na mwenzake wa 6/7 na wote wawili wanafanya 9: 1 na 8, 4 na 5, 2 na 7. Kwa mafungu matatu ni vilevile. Baada ya kila hatua mbili mabaki ni 1, 2, 4, na 1/7 na 2/7 na 4/7 zinafanya kimoja.

Sifa ya nusu mbili ilichapishwa Ufaransa mwaka 1836 na mtu aitwaye Midy, na haikuwa ya 7 pekee. Namba tasa yoyote ambayo desimali yake inajirudia kwa urefu unaogawanyika kwa 2 inaitii. Ndiyo maana hata 13, iliyoshindwa kukusanya mabaki yake, ina 076 na 923, jumla 999.

Kuna mlango mwingine wa kuingilia humohumo. Vunja 142,857 katika vigawo vyake tasa utapata 3 × 3 × 3 × 11 × 13 × 37. Vikusanye vizuri: 11 × 13 ni 143, na 27 × 37 ni 999. Kwa hiyo namba yetu ni 143 × 999, yaani 143,000 ukitoa 143. Unapotoa, kushoto inabaki 142 na kulia inakuwa 1,000 kasoro 143, ambayo ni 857. Ni dhahiri kwamba kilichopungua upande mmoja na kilichobaki upande wa pili vitafanya 999. Na 143 yenyewe si ngeni: 7 × 143 ni 1,001.

Nimeacha kwa makusudi kioja ninachokipenda kuliko vyote. Tazama tena yale mafungu ya tarakimu mbilimbili: 14, 28, 57. Kumi na nne, mara mbili yake ishirini na nane, mara mbili yake hamsini na... saba? Ingekuwa 56. Kwa nini inakaribia hivyo kisha inakosea kwa moja?

Haikukosea. Gawa 100 kwa 7: inaingia mara 14, baki 2. Baki 2 maana yake tarakimu zinazofuata ni za kugawanya kitu kilicho mara mbili ya kile cha kwanza, kwa hiyo zinaanza na 28. Kisha mara mbili tena, 56. Kisha 112. Lakini nafasi ni ya tarakimu mbili, 112 haienei; inaandika 12 na ile 1 ya mbele inasogea kushoto, inaikuta 56 na kuifanya 57. Nayo 12 haikai peke yake muda mrefu, kwa sababu mara mbili ya 112 ni 224. Inaandika 24 na 2 inasogea kushoto. 12 na 2 ni 14. Duara limeanza upya. Baada ya 224 inakuja 448, inasukuma 4 kushoto, 24 na 4 ni 28. Namba inayozidi kukua maradufu bila kikomo, kila mara ikimwagikia kwa jirani, inazaa tarakimu sita zilezile milele. Fanya mwenyewe kwenye karatasi, andika kila namba ikiwa imesogea nafasi mbili kulia kwa iliyotangulia, ujumlishe. Sijui mahali pengine katika hesabu za shule ya msingi ambapo mtu anaweza kuiona kwa macho namna kukua bila mwisho kunavyotulia kuwa mzunguko.

Vidole kumi

Wapo walioichukua namba hii na kuijengea mafumbo. Maarufu zaidi ni George Gurdjieff, mwalimu wa mambo ya kiroho aliyefariki Ufaransa mwaka 1949. Alikuwa na mchoro wa duara lenye nukta tisa, na sita kati yake zimeunganishwa kwa mistari inayokwenda 1, 4, 2, 8, 5, 7. Ninaeleza kwa heshima kwa nini siikubali njia hiyo. Hakuna kati ya sifa tulizozipitia iliyo ya kile kiasi chenyewe, isipokuwa vigawo vyake. Nyingine zote ni sifa za namna tunavyokiandika, na tunakiandika kwa makumi.

Tungehesabu kwa manane, kila hatua ya kugawanya 1 kwa 7 ingekuwa 8 kwa 7: mara 1, baki 1. Sehemu 1/7 ingekuwa 0.1111..., haina duara lolote la kusimulia. Kompyuta inayohesabu kwa mbili inapata mabaki 1, 2, 4 na kurudi, na inaandika 0.001001... Wanaohesabu kwa madazeni, yaani kwa kumi na mbili, wangepata mabaki 1, 5, 4, 6, 2, 3, yote sita, na wangekuwa na duara lao la tarakimu tofauti na letu. Kwa hiyo tunachokistaajabia ni uhusiano wa namba mbili, 7 na 10. Wanahisabati wana njia ya kuusema: ukianza na 1 na kuendelea kuzidisha kwa 10, ukitupa saba kila zinapotimia, unapita kwenye kila kitu kisichokuwa sifuri. Namba 10 inaizunguka 7 yote.

Ukishalitamka hivyo, swali linalofuata linakuja lenyewe. Ni namba tasa zipi nyingine ambazo 10 inazizunguka zote?

Inayofuata ni 17. Sehemu 1/17 ni 0.0588235294117647, tarakimu kumi na sita kabla ya kujirudia, na ukiizidisha kwa 2 unapata 1176470588235294, duara lilelile. Kisha 19, 23, 29, 47, 59, 61 na 97. Chini ya 100 ziko tisa. Zote hizo isipokuwa 7 zinatoa duara linaloanza na sifuri, na hilo ni rahisi kuliona: ili desimali isianze na sifuri lazima 1 igawanywe kwa namba isiyozidi 10, na namba tasa za huko ni 2, 3, 5 na 7. Mbili na tano zinakoma, tatu inarudia tarakimu moja. Imebaki saba. Namba 142,857 haina mwenzake katika uandishi wa makumi.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat alieleza katika barua jambo ambalo kwa lugha yetu ni hili: chukua namba tasa yoyote isiyokuwa 2 wala 5, ondoa moja, andika tisa kwa idadi hiyo, namba uliyoandika inagawanyika kwa namba tasa uliyoanza nayo. Kwa 7 ni tisa sita, ile 999,999. Hii inatuambia urefu wa kujirudia hauwezi kuwa wowote tu, lazima uingie kamili katika ile namba tasa kasoro moja. Haitusaidii kujua lini urefu unafika kileleni. Carl Friedrich Gauss, akiwa na miaka 24, alilitolea suala hili kurasa katika kitabu chake cha mwaka 1801, na mwishoni akaweka jedwali la desimali zinazojirudia. Baadaye katika karne hiyohiyo William Shanks, Mwingereza mwenye shule ya bweni, akatafuta kwa mkono urefu wa kujirudia wa namba tasa moja baada ya nyingine hadi kupita 60,000. Shanks anakumbukwa zaidi kwa kukosea pai, aliyoikokotoa hadi tarakimu 707 huku za mwisho zikiwa na kosa. Kazi yake hii nyingine inastahili kutajwa zaidi kuliko inavyotajwa.

Chini ya 1,000 kuna namba tasa 168, na zenye duara kamili ni 60. Chini ya 10,000 ni 467 kati ya 1,229. Chini ya 100,000 ni 3,617 kati ya 9,592. Gawanya, utaona uwiano unacheza karibu na asilimia 37. Mwaka 1927 Emil Artin alitoa hoja ya kwa nini. Duara linaweza kupasuka vipande viwili, au vitatu, au vitano, na kadhalika kwa kila namba tasa. Ukikadiria uwezekano wa kuepuka kila mpasuko na kuzidisha, unapata 1/2 × 5/6 × 19/20 × 41/42 na kuendelea, ambayo inatua kwenye 0.3739558... Alisema hiyo ndiyo sehemu ya namba tasa zote zinazozungukwa na 10, na kwa hiyo hazina mwisho.

Hoja ya Artin inaeleweka, na hesabu zinaiunga mkono. Uthibitisho haupo. Christopher Hooley aliuleta mwaka 1967, lakini kwa sharti kwamba nadharia tete ya Riemann, dhana maarufu kuhusu namna namba tasa zilivyotawanyika, iwe kweli katika umbo lake pana, na hiyo nayo haijathibitishwa. Mwaka 1986 Roger Heath-Brown, akijenga juu ya kazi ya Rajiv Gupta na Ram Murty, alionyesha bila sharti lolote kwamba kati ya 2, 3 na 5, angalau moja inazizunguka namba tasa zisizo na idadi. Ni ipi kati ya hizo tatu, uthibitisho wake hausemi. Na kwa 10 yetu, hakuna aliyethibitisha hadi leo kwamba baada ya 7, 17, 19 na wenzao orodha haifiki mwisho.